Mtoto wa kaka yangu anataka kuishi kwa kutunga riwaya za mashairi. Huo si utenzi tu?

#1 Bint Mkoani
Assalamu alaykum wana jamvi.

Nina mtoto wa kaka yangu huku Pemba, binti wa miaka 18, kamaliza kidato cha nne. Tangu msimu wa karafuu uliopita anaandika hadithi moja ndefu, yote kwa mashairi. Si mashairi mbalimbali yaliyokusanywa, ni hadithi moja yenye watu wake: msichana ambaye kaka yake kenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Kaiandika kwenye daftari la hesabu huku akilinda karafuu zisiliwe na mvua. Siku moja mvua ikaja kweli, watu wote wakakimbilia majamvi, daftari likasahauliwa. Kurasa kama kumi wino umetapakaa, na mpaka leo ukilifungua linanuka karafuu.

Sasa anasema hii ndiyo kazi yake ya maisha. Kuna mwalimu wa kujitolea alimwachia kitabu cha Elizabeth Acevedo, Mmarekani ambaye wazee wake wametoka Jamhuri ya Dominika. Riwaya nzima ya vijana imeandikwa kwa mashairi, na mwandishi anaishi kwa kazi hiyo. Baba yake kamsikiliza, kamwambia: huo ni utenzi, bibi zako wakitunga, na sikumuona hata mmoja aliyejengea nyumba. Mchapishaji mmoja, simtaji, kamjibu kwa mstari mmoja kwamba hii si riwaya wala si diwani (mkusanyo wa mashairi), aamue kwanza ni kitu gani.

Naomba nisaidiwe. Ni utenzi uliobadilishwa jina? Kama tenzi tunazo karne tatu, mbona vitabu vya namna hii vya vijana hatuna? Na je, mtu atakula?

#2 Mla Urojo
Nimewahi siti ya mbele. Kwa swali la mwisho jibu ni hapana, kwa mawili ya mwanzo nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Mizani
Dada, suala ni jepesi. Utenzi una sheria: ubeti mistari minne, kila mstari mizani (silabi) 8, mitatu ya mwanzo kina kimoja, wa nne una kina chake kinachotembea mpaka mwisho wa utenzi. Ikitimia hiyo ni utenzi, isipotimia ni maneno. Tuwekee beti mbili tuone.

#4 Bint Mkoani
Haya. Huu ndio mwanzo wake:

Kaka kenda dago juzi
Kaacha ndoo na uzi
Mama hana usingizi
Nami nasoma upepo

Skuli wanipa hesabu
Za maembe na zabibu
Hakuna inayojibu
Kwa nini kaka hayupo

#5 Mla Urojo
Kaacha ndoo na uzi, na sisi uzi ndio huu tumeuokota.

#6 Fundi Mizani
Mtoto anajua. Ila ubeti wa pili mstari wa kwanza una mizani 9. S-ku-li-wa-ni-pa-he-sa-bu. Arekebishe.

#7 Maalim Mstaafu
Fundi, hiyo "s" umeipa kiti chake peke yake kwa nini? "Sku" inatoka kinywani mara moja. Sku-li, mizani mbili, mstari ni 8. Miaka thelathini nimesomesha hapa Unguja, sijamsikia mtoto anayesema "siku-li" isipokuwa anatania.

Na hiyo sheria ya 8 nayo usiifanye aya. Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina mizani 10 kwa mstari, na hakuna aliyewahi kuiondoa kwenye orodha ya tenzi.

Nikirudi kwa bibie: baba mtu hakukosea. Utendi wa Tambuka, wa Mwengo wa Athumani, ni wa mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000, na ndani mna vita, mna wajumbe, mna mashujaa wanaokufa na wanaopona. Kama hiyo si riwaya kwa mashairi, basi sijui riwaya ni nini. Wamarekani wamechelewa tu kufika.

#8 Hamali wa Malindi
Mimi mizani siijui, lakini ule mstari wa maembe na zabibu umenichekesha kisha umeniumiza. Darasa la saba tulipewa hesabu ya gari moshi mbili zinazokutana. Sijawahi kuona gari moshi mpaka nilipofika Dar nina miaka 26. Mtoto wa Pemba anahesabishwa zabibu!

#9 Kijana wa Konde
Maalim, heshima yako, ila Tambuka hawakuandikiwa vijana. Huyu Acevedo ndiye aliyeanzisha huu mtindo wa riwaya za mashairi za vijana, na kazoa tuzo zote. Dogo akaze, dunia inataka hiyo kitu.

#10 Bi Asumini
Kijana, hakuanzisha. Karen Hesse alipata Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1998 kwa riwaya ya mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, kuhusu msichana wa Oklahoma miaka ya ukame na vumbi. Kwame Alexander akaipata 2015 kwa hadithi ya mapacha wacheza mpira wa kikapu. Acevedo alikuja baadaye: National Book Award ya vijana 2018, kisha Carnegie ya Uingereza 2019. Njia alikuta imeshafyekwa.

Ila wazazi watazame alianzia wapi. Alikuwa mghani wa jukwaani, wa yale mashindano ya kughani. Akawa mwalimu wa darasa la 8 huko Maryland, na wanafunzi wake wengi vitabu walivyopewa hawakujiona ndani yake. Kitabu kikaja baada ya jukwaa na baada ya chaki. Kwa hiyo anayesema "anaishi kwa vitabu" asisahau miaka aliyoishi kwa kingine.

#11 Kijana wa Konde
Nimepokea sahihisho. Shukran.

#12 Pweza Mkavu
Nyote mnazungumzia historia. Sababu ya sisi kukosa vitabu hivi ni moja tu: mtihani. Hapa kitabu hakiuziki mpaka kiwe kwenye orodha ya fasihi, na orodha ina makabati matatu: riwaya, tamthiliya, ushairi. Swali linakuja "ukitumia diwani mbili ulizosoma". Riwaya ya mashairi utaiweka kabati gani? Mwalimu hataisomesha, kwa sababu haimo. Mchapishaji hataichapa, kwa sababu mwalimu hatoisomesha. Yule aliyemjibu binti kwa mstari mmoja hakuwa jeuri, kasema ukweli wa biashara yake.

Angalieni hata tuzo. Ile ya Mwalimu Nyerere ilianza na riwaya na ushairi, mbalimbali. Ya Safal-Cornell nayo hivyo hivyo, hadithi huku na mashairi kule. Binti atajaza fomu ipi?

#13 Mla Urojo
Ajaze zote mbili, akishinda zote ananunua boti.

#14 Pweza Mkavu
Ya Nyerere mshindi wa kwanza milioni 10. Boti hupati, labda ngarawa mbili na injini kuukuu.

#15 Mgeni Njoo
Mie mnaniumiza. Nilichapisha diwani yangu kwa pesa zangu, nakala 300, shilingi 8,000 moja. Mwenye duka la vitabu akapokea 40 "kwa mali kauli". Nilipokwenda kuulizia baada ya miezi minane akanambia zimeuzwa sita, na hizo sita pesa zake kazinunulia karatasi. Zilizobaki ziko chini ya kitanda. Paka kazalia juu yake mara mbili.

Kwa hiyo shangazi mtu, kama una uwezo wa kumsaidia, usimpe pesa za kuchapa. Mpe nauli ya kwenda kusoma mbele za watu.

#16 Bi Asumini
Pole Mgeni. Paka kapata wasomaji wake.

Mtihani ni sababu, Pweza, lakini naona kuna kubwa zaidi. Tenzi zetu za vijana hazisemwi na vijana. Zinasemwa na wazee kuwaambia vijana. Mwana Kupona wa Lamu kamtungia bintiye utenzi mzima: mche Mungu, mtii mume, nyumba iwe hivi, nguo ziwe hivi. Anaanza kwa "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati", njoo karibu wewe ambaye miaka yako bado michache. Shaaban Robert naye kamwandikia mwanawe, kamwandikia na binti yake. Mzee anasema, kijana yuko kwenye jamvi kainamisha kichwa.

Sasa huyo msichana wa daftari la karafuu ndiye anayesema mwenyewe. Hapo ndipo mambo yanapotofautiana, si kwenye mizani. Binti yake Mwana Kupona hajajibu mpaka leo.

#17 Maalim Mstaafu
Bi Asumini, Mwana Kupona binti Msham kazaliwa kisiwa cha Pate, akaolewa na Bwana Mataka wa Siyu. Utenzi ni wa 1858, beti 102. Si wa Lamu mjini, tusiwape watu visivyo vyao.

Na hoja yako naiheshimu ila siikubali yote. Yule mama alikuwa mgonjwa, alijua hatopona, anamwachia mtoto wa kike kitu cha kushika. Ukiondoa hilo ukabakisha "mtii mume" unamdhulumu. Na huyo binti kutojibu unajuaje? Wanawake wakitunga, walioandikwa ni wachache. Waliosahauliwa ndio wengi.

#18 Bi Asumini
Pate, sawa, nimerekebishwa. La kutojulikana nalo nakubali. Lakini kama alijibu na halikuandikwa, basi hoja yangu inazidi nguvu, haipungui.

#19 Hamali wa Malindi
Kwani nyote mmesahau taarabu? Mtu wa Zanzibar mwenye kipaji cha kutunga alikuwa hasubiri mchapishaji. Anatunga, anaipeleka kikundini, inapata sauti na udi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Siti binti Saad alitoka Fumba akiuza vyungu, 1928 yuko Bombay anarikodi santuri. Hadithi za mapenzi, za kesi mahakamani, za fitina, zote zimo kwenye nyimbo. Vijana walipata riwaya zao kwa masikio. Ndio maana kabati la vitabu tupu.

#20 Mla Urojo
Na zinalipa? Juzi harusi ya Mwembetanga kikundi kimechukua pesa ambayo mimi nikihadithia bi mkubwa atadhani natukana.

#21 Hamali wa Malindi
Zinamlipa mwimbaji. Mtunzi anapewa asante na soda.

#22 Pweza Mkavu
Hamali, wimbo beti sita au saba. Hadithi ya kurasa mia mbili hamuwezi kuimba, watu watalala.

#23 Maalim Mstaafu
Hawalali. Bibi yangu Makunduchi alikuwa akisomewa utenzi usiku mzima, msomaji akichoka anapokea mwengine. Sauti ni moja, ya polepole, unaweza kuchambua mchele huku unasikiliza. Sisi watoto tulikuwa tukisinzia tukiamka hadithi iko mbele, tunamuuliza mkubwa kimetokea nini, tunapigwa kofi tunyamaze.

#24 Bint Mkoani
Nawashukuru sana. Sikutegemea mngefika huku. Kuna jambo sikulisema: ana namna mbili. Zile beti za juu ni sura za skulini na msikitini, mahali penye watu. Anapokuwa peke yake nyumbani anabadilisha, haweki vina. Mfano:

Ndoo ya kaka
ipo pale pale mlangoni.
Mama anaiosha kila asubuhi
kana kwamba jana
ilitiwa samaki.

Baba yake ndo kabisa hapa kakasirika. Kasema hata utenzi wenyewe kauharibu.

#25 Fundi Mizani
Baba yuko sahihi. Hiyo ni sentensi iliyokatwa kwa kisu. Weka kwa mstari mmoja uone kama imebaki ushairi.

#26 Bi Asumini
Vita hivi vina miaka hamsini, Fundi. Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru mwaka 1974 walimwambia maneno haya haya, na leo yuko kwenye mitaala. Mimi napenda sana anavyofanya huyu mtoto: kwenye watu anavaa vina kama anavyovaa buibui, akiingia ndani anavua.

#27 Fundi Mizani
Mfano mzuri ila haunihukumii kesi. Kezilahabi aliandika pia riwaya, za nathari, maandishi ya kawaida yasiyo mashairi. Hakuzichanganya. Binti achague moja.

#28 Hamali wa Malindi
Nimeusoma ubeti wa ndoo mara tano. Naomba nihadithie kidogo, watakaochoka waruke.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kojani. Mwaka mmoja walikwenda dago upande wa Kenya, Shimoni, wakasema mwezi. Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Simu hazikuwapo. Mama kila akipakua alikuwa anamtilia baba sahani yake, anaweka samaki juu, anafunika kawa. Hakuna anayeigusa. Ikifika saa nne usiku anasema "haya", tunaigawana sisi watoto. Hakuwahi kusema kwamba baba haji. Anasema "haya" tu. Wali umeshapoa, umeshika harufu ya ukili. Miezi mitatu tumekula wali wa baba.

Alirudi, alhamdulillahi, mwembamba kama mwiko. Usiku ule mama kapakua, kaweka kawa, sote tukakaa tunaitazama ile sahani. Baba anauliza mbona watoto wananitolea macho.

Sasa Fundi, hiyo ukiitia mizani 8 itakuwa nzuri, sikatai. Lakini mama alisema "haya". Mizani mbili.

#29 Mla Urojo
Leo sina utani. Hamali, andika na weye.

#30 Kijana wa Konde
Daah.

Mimi niseme la vijana wenzangu. Tunasoma kwenye simu. Ukurasa wa nathari kwenye simu ni ukuta, unafunga. Mistari mifupi kama ile ya ndoo unateremka nayo kwa kidole mpaka mwisho hujijui. Mie nafikiri ndo maana hivi vitabu vinapendwa huko nje, si tuzo wala jadi. Mtoto asiyependa kusoma anaona nafasi nyeupe anasema hii naiweza. Halafu aghani kwa sauti, atume kwenye magrupu ya WhatsApp, sura moja kila Ijumaa. Wakishamjua, kitabu kitajiuza.

#31 Mgeni Njoo
Akituma zote bure nani atanunua? Na wiki ya pili kuna mtu atazisoma kwa jina lake. Kwanza akasajili kazi yake COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, mengine baadaye.

#32 Kijana wa Konde
Bro, zako ziko chini ya kitanda na hakuna aliyeziiba.

#33 Mgeni Njoo
Astaghfirullah. Umenipiga penyewe.

#34 Pweza Mkavu
Tumeliacha swali la tumbo. Tuangalie wa kwetu. Haji Gora Haji, Mtumbatu, mtunzi wa Kimbunga, alikuwa mvuvi na baharia. Kamange na Sarahani wa Pemba walijibizana kwa mashairi mpaka leo yanasomwa, na sidhani kama kuna aliyewalipa kwa ubeti. Mohammed Ghassani, mtoto wa Pemba huyo, alishinda tuzo ya Mabati-Cornell (ndiyo hii Safal-Cornell ya leo) ya ushairi mwaka 2015, mara ya kwanza ilipotolewa, naye kazi yake ni utangazaji huko Ujerumani. Sijasema asiandike. Nasema wote hao walikuwa na chombo kingine baharini.

#35 Bi Asumini
Na wote uliowataja ni wanaume, Pweza. Mwanamume akirudi kutoka baharini anakaa barazani anatunga. Huyu binti akitoka kuchambua makonyo ya karafuu anaingia jikoni. Saa ya kutunga ataipata wapi kama kutunga si kazi? Anapodai iwe kazi hadai utajiri, anadai hiyo saa.

#36 Maalim Mstaafu
Hapo umesema. Ningemshauri asomee ualimu, chuo kikuu cha SUZA hapa Zanzibar au popote. Mwalimu ana likizo, na ana vijana mbele yake kila siku wa kumsahihisha lugha yao.

#37 Fundi Mizani
Na atajifunza arudhi, kanuni za ushairi.

#38 Hamali wa Malindi
Fundi wewe ukifa utahesabu mizani ya talkini.

#39 Fundi Mizani
Inshaallah, na nitakuta wamekosea.

#40 Mla Urojo
Nje ya mada: kuna mwenye kujua ng'onda wanauzwaje Wete wiki hii? Naulizia bi mkubwa.

#41 Kijana wa Konde
Wapo ila ghali, bahari chafu. Njoo PM.

#42 Bint Mkoani
Jana usiku nimempa simu kasoma uzi wote, mpaka wa ng'onda. Kacheka kwa paka, na kwa Hamali kanyamaza muda mrefu. Kaniambia wale wa kabati wana haki, na wa mtihani wana haki, ila anayejua ni kabati gani amwandikie. Ualimu kasema atafikiri. Kisha kachukua daftari (si lile, jipya) kaandika huu, niulete kwenu:

Wajomba na maalimu
Mwagombea yangu kalamu
Nami bado nina hamu
Kaka angali hayupo

#43 Fundi Mizani
Mstari wa pili mizani 9. Hii haina mjadala wa "sku".

#44 Bint Mkoani
Nimemsomea. Anasema anajua.

#45 Maalim Mstaafu
Mwache.

#46 Hamali wa Malindi
Dada, na huyo kaka mwisho wake anarudi?

#47 Bint Mkoani
Hajafika huko. Yuko sura ya 19.